Ugomvi wa Awamu Tatu za Parola

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, uliyeubariki mlango huu wa chumba cha kusomea kabla haujafunguliwa, Kapitan unayeongoza mitaa ya barangay yetu, Daktari Rowena Sumulong, mwenyekiti wa Chama cha Wasomaji wa Parola, Mang Gani Tolentino, makamu mwenyekiti na mpinzani mkuu wa mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa kawaida msemaji akifika hapa husema itifaki imezingatiwa. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu nusu saa iliyopita nimewaona kwa macho yangu watu wazima, wenye wajukuu, wakivutana viti vya mbele kwa hoja kwamba Awamu ya Kwanza haiwezi kuketi nyuma ya Awamu ya Pili. Padre ameona. Meya ameona. Basi itifaki tumeivunja, tunaomba radhi, tuendelee.

Naitwa Leonora Dacanay. Wengi wenu mnaniita Aling Noring, na baadhi yenu niliwafundisha hesabu, ingawa kwa namna mnavyobishana sioni kama ilisaidia. Mimi ni mjane wa Crisanto Dacanay, aliyechora katuni za Parola tangu mwaka 1971 hadi 1984. Nimeombwa niseme maneno machache ya shukrani, kisha nikate utepe. Nitashukuru, msiwe na wasiwasi. Lakini nimenyamaza karibu miaka hamsini, na mwalimu aliyenyamaza muda huo wote hamalizi kwa dakika tano.

Mheshimiwa Meya ameninong'oneza kwamba hakuwahi kusoma katuni hizi, basi nimweleze ugomvi wenyewe. Parola ni binti wa mlinzi wa mnara wa taa. Akikunjua viganja, mwanga hutoka, na majambazi wa baharini na nchi kavu hujuta kuzaliwa. Awamu ya Kwanza ilichorwa na Hilarion Buenviaje, miaka minane, mpaka alipochukuliwa na kampuni ya Wamarekani akaenda kuwachorea mashujaa wao. Awamu ya Pili ni ya mume wangu. Awamu ya Tatu ni hii ya sasa inayochorwa kwa kompyuta, ambamo Parola ana kiuno kama cha nyigu na haonekani kula chochote. Ninyi vijana mlioketi nyuma, msinune. Mlikuja nyumbani kwangu mkala tambi zangu za pansit sahani tatu tatu. Mpeni na yeye ale.

Sasa, ndugu zangu, ni nini hasa mnachogombania? Nimewasikiliza kwenye mikutano yenu, kwenye harusi zenu, na Mungu anisamehe, hata kwenye mazishi ya Crisanto. Pale makaburini, udongo ukiwa bado mbichi, Mang Gani alinishika mkono akaniambia, "Alikuwa mtu mwema sana, Noring. Lakini Buenviaje alijua kuchora." Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kumfariji mfiwa!

Wala upande wa pili si afadhali. Wote mnajua kwamba katika toleo la mia mbili na kumi na mbili la Awamu ya Pili, Parola anachana joho lake ili amfunge jeraha dereva wa jeepney ya abiria, na tangu hapo havai joho tena. Daktari Rowena, ambaye mchana hung'oa meno na jioni huandika, aliandika makala ya kurasa thelathini kulieleza joho hilo. Joho ni utawala. Kulichana ni kuikana amri ya kijeshi. Dereva ni taifa. Nilisoma makala yote, nikampigia simu.

"Rowena, mwanangu," nikamwambia, "Crisanto hakujua kuchora mikunjo ya nguo. Kabla ya Parola alikuwa anachora vibandiko vya chupa za patis, mchuzi wa samaki, na chupa haina mikunjo. Kurasa nne kila wiki, na kila ukurasa lile joho linapepea. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Akaniambia, 'Noring, kitambaa hiki hakinitii,' nikamjibu, 'Basi mvue.' Ndiyo habari yote."

Mnajua alinijibu nini? Alisema kwa upole kabisa, "Lola Noring, bibi yangu, msanii mwenyewe mara nyingi hajui alichokichora."

Niliiweka simu chini taratibu, maana ni simu ya mkwe wangu.

Nirudi kwa Mang Gani, kwa sababu leo tupo hapa kwa ajili yake, apende asipende, na najua hapendi. Mume wangu hakuiomba kazi ile. Buenviaje aliondoka Jumatatu, mhariri akaja kwetu Jumanne, na kufikia Ijumaa kurasa nne zilitakiwa kiwanda cha kuchapa. Wiki mbili baadaye barua zilianza kufika kila Alhamisi, karatasi ya mistari, mwandiko wa kubanana. "Ndugu Mchoraji, ukurasa wa pili, Parola ana mikono miwili ya kushoto." "Ndugu Mchoraji, ukurasa wa nne, bahari imepanda juu kuliko mnara, je, watu wa mjini wamekufa au umesahau?" Chini yake, kila mara: Msomaji wenu mwaminifu, Isagani Tolentino.

Crisanto alizisoma zote. Mimi nilitaka kuwashia jiko. Kisha ikaja moja iliyosema, "Bora mngemuua kuliko kumchora hivi." Siku tatu mume wangu hakugusa kalamu. Aliketi mezani akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Siku ya tatu nilivaa viatu, nikachukua furushi la barua, nikaenda kwenye kibanda cha huyo msomaji mwaminifu karibu na daraja. Alikuwa fundi pancha. Nilimkuta amechuchumaa, amezamisha tairi kwenye karai la maji, anatafuta tundu.

"Wewe ndiye Isagani Tolentino?"

"Ndiye. Tairi gani, Mama?"

"Sina tairi. Nina barua zako. Mimi ni mke wa mtu unayemtukana kila Alhamisi."

Akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Nilidhani ataomba radhi.

"Yuko mzima?" akauliza.

"Siku tatu hajachora hata mstari. Umefurahi?"

Akashtuka kweli kweli. "Siku tatu? Sasa toleo la wiki hii litakuwaje?"

Jamani, nilitaka kumtia kichwa kwenye karai lile. Nikamwambia, "Wewe ukiziba pancha vibaya, nani anakuandikia barua?"

"Hakuna, Mama," akasema. "Wanarudi na tairi. Wananitupia hapa mbele, wananitukana, halafu tunaligeuza pamoja mpaka tuone kosa liko wapi. Sasa mimi kwa mumeo nirudi na nini?"

 Nilikuwa na hasira bado. "Utarudi na huo mdomo wako," nikamwambia. "Jumapili, baada ya misa. Na usije mikono mitupu."

Alikuja na suman kumi na mbili za wali mtamu na orodha ya makosa arobaini na moja. Walikaa mezani mpaka nikawasahau. Alipofika kosa la kumi na tisa, kwamba Parola anashika kamba kama mtu anayeshika kijiko, Crisanto akamwambia, "Hebu shika wewe nione." Mang Gani akaishika kamba ya kuanikia nguo zangu, Crisanto akachora. Jumapili iliyofuata akashika chuma cha kung'olea tairi. Iliyofuata, chungu. Miaka kumi na miwili iliyobaki alikuja kila Jumapili, na Daktari Rowena, ninyi mnaoandika kuhusu mikono ya Parola wa Awamu ya Pili, kwamba ni mikono ya mwanamke mchapakazi wa hapa Malabon, samahani sana. Hiyo ni mikono ya huyu hapa. Mtazameni. Mang Gani, usiifiche chini ya kofia.

Na bado, Jumatatu mpaka Jumamosi, pale kibandani, alimwambia kila mteja kwamba Awamu ya Pili ni takataka.

Tufike kwenye chumba hiki. Nakala zangu zote, na michoro ya asili ya Crisanto, ilikwenda na mafuriko ya mwaka 2009. Chama kilipopata wazo la chumba cha kusomea, tukagundua kwamba katika nchi nzima mtu tunayemjua mwenye matoleo yote ya Awamu ya Pili, bila hata moja kukosekana, ni yule yule asiyeipenda. Tukamwomba. Akakubali, kwa sharti moja: Awamu ya Kwanza ikae rafu ya usawa wa macho, na ya Pili rafu ya chini kabisa. Daktari Rowena akakataa. Alisema hapa Malabon mafuriko hayaishi, rafu ya chini ni ya samaki. Wakakatana maneno miaka miwili. Miaka miwili, Mheshimiwa! Chumba kimepakwa rangi, taa zimefungwa, ofisi yako inatupigia simu kuuliza tunafungua lini, na watu hawa hawaamkiani kwa ajili ya rafu.

Kisha mwezi wa saba mwaka jana mvua ikakutana na maji ya bahari kujaa, mnakumbuka. Ilikuwa mchana. Sisi tuliohamishwa tulipelekwa shule ile ile niliyofundisha, na kwenye darasa langu la zamani nikamkuta Mang Gani kwenye benchi, maji yanamtiririka, amekumbatia sanduku moja la bati lililofungwa kwa turubai. Jirani yake akaniambia mzee alikataa kupanda mtumbwi wa waokoaji mpaka sanduku lipande kwanza. Na nyumbani kwake yalikuwapo masanduku mawili.

"Umeokoa lipi?" nikamuuliza.

"La mumeo."

"Na la Buenviaje?"

"Liko chini. Maji yalikuwa yamenifika kifuani, nisingeweza mawili."

Ndugu zangu, sanduku lile lilikuwa na matoleo ya kwanza ya Buenviaje aliyoyanunua akiwa kijana, alipokuwa akishinda na njaa ili ayapate. Nilimwona kila mwaka akiyaanika juani, moja moja, kama anayemkausha mtoto.

"Mang Gani, una wazimu?" nikamwambia. "Miaka yote unatutesa kwamba ya Crisanto ni takataka!"

"Usianze, Noring," akasema, meno yanagongana kwa baridi. "Ya Buenviaje yamechapwa upya mara nne, hata dukani kwa muuza kuku utayakuta. Ya Crisanto hakuna mjinga atakayeyachapa tena. Yakipotea hayo, mimi nitabishana na nani, na kuhusu nini?"

Halafu akageuka ukutani. Alilia, naye asibishe, nilikuwepo. Hakumlilia Crisanto wala mimi. Alilililia lile sanduku la Buenviaje lililobaki chini ya maji.

Mngedhani baada ya hapo mambo yalitulia. Wapi! Alipopona kifua akaja na sharti lile lile la rafu ya chini. Kwa hiyo nilimwita seremala, nikamwambia aikate rafu ya chini, aitupe. Hakuna rafu ya chini. Mtakapoingia mtaona, matoleo yamepangwa kwa mwaka, kwenda kulia. Anayetaka kulalamika aje kwangu, si kwa Meya.

Mwaliko wenu uliniomba pia niseme awamu ipi ni bora. Nilikuwa sijawahi kuzisoma. Mke wa mchoraji hasomi, yeye hukausha kurasa na kumfungulia mlango mjumbe wa mhariri. Basi wiki iliyopita nilikuja hapa asubuhi tano mfululizo, na miwani yangu, nikasoma zote. Nalisema mbele ya Padre: Buenviaje alichora vizuri zaidi. Kwa mbali. Mang Gani, keti chini. Usipige makofi, sijamaliza.

Nilipofika Awamu ya Pili, kuna jambo likaanza kunisumbua. Parola anapambana sokoni, watu wanakimbia, na katikati yao yupo mwanamke mwenye kikapu, hakimbii, amekunja uso. Toleo linalofuata, mtaa unawaka moto, mwanamke yule yule, kikapu kile kile, amekasirika. Nikarudi nyuma, nikahesabu. Kila penye umati, yupo. Miaka kumi na mitatu. Anaongezeka unene, anavaa miwani mwaka ule ule niliopata miwani, nywele zinaanza mvi upande wa kushoto. Na hajacheka hata mara moja! Jambazi amenaswa, mji mzima unashangilia, yeye anatazama kama anayesubiri chenji. Mume wangu hakuwahi kuniambia. Sitaki kueleza nilivyokaa kwenye kiti kile asubuhi ile.

Nilimpigia simu Mang Gani. Nikamwambia, "Wewe uliyehesabu mpaka vidole, ulimwona mwanamke wa kikapu?"

"Tangu toleo lake la tatu."

"Na hukuwahi kuandika barua kumhusu?"

"Niandike nini, Noring?" akasema. "Huyo tu ndiye ambaye Crisanto alimchora bila kosa."

Mheshimiwa Meya, Padre, Daktari, Mang Gani, na ninyi wa awamu zote, nawashukuru kwa chumba hiki, na kwa kunivumilia nikiwagombeza mbele za watu. Sasa naomba mkasi.