Mwanafunzi wa Banda la Katekista

Ngaa! Mlio mmoja tu wa chuma usiku, kisha kimya. Anania muuza kahawa aliusikia akiwa kitandani, akajua ni ile rimu ya lori iliyokuwa kengele ya shule ya katekista, hapo Majengo, mjini Mbeya. Shule yenyewe ilikwisha katekista alipofariki. Lilibaki banda lake la nyasi, ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi la Anania. Asubuhi, ukungu wa mlima Loleza ukiwa bado umelala juu ya mabati, wateja wake wawili walikuwa wameshakaa: Isakwisa fundi cherehani, waliyemwita Redio kwa kusema bila kuzimwa, na Kalinga, Mhehe wa Iringa aliyewahi kuwa karani wa baraza, waliyemwita Hakimu. Pembeni, karibu na tenga lake la ndizi, aliinama Mama Ndizi. Mwanawe, aliyesoma kwa katekista, alikuwa amejifungia bandani tangu usiku.

— Nawaambia, kilichomharibu ni kukaa chini, — alisema Redio. — Wenzake wa shule ya serikali wana madawati. Yeye miaka yote makalio kwenye udongo wa Mbeya, Juni na Julai! Baridi imempanda mgongoni mpaka kwenye ubongo.

— Mbona wewe una kiti na bado hujatulia? — aliuliza Hakimu.

Anania alicheka, akamwona mama, akaacha.

— Si baridi, — Hakimu aliendelea, akipuliza kikombe. — Ni elimu isiyo na mhuri. Ya serikali inapimwa, kama mafuta ya taa. Ya bandani inamiminwa tu. Kichwa kikijaa, hakuna wa kusema basi.

— Halafu inachacha! — Redio akadakia. — Kama pombe. Inatafuta pa kutokea. Ndiyo maana anapiga kengele.

— Anawaita wanafunzi waliokufa.

— Wapi, bwana! Anamwita msimamizi wa mtihani.

Habari hiyo wote waliijua. Mwaka uliopita kijana alitelemka na kalamu yake mpaka shule ya serikali, kufanya mtihani wa darasa la nne. Mlangoni akaulizwa anatoka shule gani. Akajibu kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Hiyo si shule," akaambiwa, na watoto waliopanga mstari wakacheka. Tangu siku hiyo hakula na watu, usingizi ukamkimbia, na maneno yakampukutika kidogo kidogo, kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila asubuhi Anania alimpelekea kikombe. Kijana alikipokea kwa mikono miwili, asiseme neno.

Mara wakatokea watu wawili: dresa mgeni, mfunga vidonda wa zahanati, na nyuma yake tarishi aliyeshika kamba.

— Hamjambo, wazee. Nimetumwa kumchukua mgonjwa. Anapelekwa hospitali ya wenye wazimu, mbali huko.

Mama Ndizi alishika tenga kwa mikono yote miwili.

— Na kamba ya nini? — aliuliza Anania.

— Ya asiyejijua. Lakini mimi sipendi kumfunga mtu kabla sijasema naye. Akiitika, akatoka kwa miguu yake, nitamwomba daktari amwache abaki kwa mama yake, niwe nakuja kumwona hapahapa. Anaitwa nani?

Redio alimtazama Hakimu, Hakimu akamtazama Anania.

— Sisi tunamwita Mwanabanda, — alisema Redio.

— Hilo la kumcheka. Nauliza jina lake.

Aibu ilimchoma Anania. Mwaka mzima wa vikombe, hakuwahi kuuliza.

— Muulizeni mama yake, — alisema Hakimu. — Ingawa huyo sijamsikia akimtaja hata siku moja. Amemkana mwanawe, nasema wazi.

— Funga mdomo, Hakimu! — Redio alisimama. — Wewe wa Iringa hujui. Mtoto amepewa jina la babu yake, mzaa baba. Kwetu Wanyakyusa mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Akimwona njiani anajificha. Tangu amzae, anamwita "baba" tu.

— Na huyo babu ni nani? — aliuliza dresa.

— Mtu wa kule Tukuyu, simjui. Baba wa mtoto yuko machimboni, Afrika Kusini. Kimya mpaka leo.

Mama Ndizi alikuwa ameshainuka. Alivuka barabara, kanga kichwani, akasimama mbele ya mlango wa banda.

— Baba, — aliita.

Kimya.

— Baba, toka, mwanangu. Watakufunga.

Mlango haukufunguka. Tarishi akaanza kuikunjua kamba. Anania akatamani kumshika mkono, akabaki kashika birika.

Mama akageuka upande wa kusini, kule Tukuyu kwenye nyumba ya mkwewe, akapiga magoti kama mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo bado hajalitenda. Kisha akaugeukia mlango, akafumba macho, akatoa sauti ambayo benchi lile halikuwahi kuisikia:

— Lutengano!