Honi Mbele ya Nyumba

Basi lilikuwa limeshavuka mpaka wa nchi wakati dereva wa zamani wa lori alipomweleza mama aliyeketi naye jinsi alivyopoteza kazi. "Mizigo yote imehamia treni ya umeme. Eti moshi wetu ni sumu."

"Ni sumu kweli, baba. Mwanangu ana pumu. Tangu foleni ya malori iishe, analala."

 Mzee aliona kubishana na pumzi za mtoto ni kazi ngumu kuliko kupandisha tela mlimani.

"Alale salama. Ila binti yangu aliolewa huku. Kila nilipopita nilimpigia honi, akatoka mbio, mikono ina unga. Nilipoacha kupita, akaugua nisijue. Nimeletewa habari ya msiba wake tu."

"Pole, baba. Lakini..."

Basi likasimama kwenye nyumba yenye turubai la matanga. Dereva wa basi akapiga honi. Mzee, kwa mazoea, akautazama mlango wa nyumba.