Anasema

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Leo tunamkumbuka mkalimani wa mahakama ya wilaya, aliyefariki Jumanne asubuhi akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa mkalimani kwa miaka thelathini na minane. Watu walimwita Anasema, maana kila alipofungua kinywa mahakamani alianza hivyo: "Anasema..."

Wakoloni walipofungasha virago, lugha yao waliiacha mezani kwa hakimu. Hakuna aliyeiondoa. Hakimu ni mwenzetu, mshtakiwa ni mwenzetu, hata chai wanakunywa kibanda kimoja. Lakini wakikutana mle ndani ni Kizungu tu, na katikati yao anasimama Anasema. Kuna mshtakiwa mmoja wa wizi wa mbuzi aliyejitetea kwamba yeye hakumchukua mbuzi, mbuzi ndiye aliyemfuata, naye akaona haya kumfukuza. Hakimu akaangua kicheko. Kisha akakumbuka kwamba hajasikia kitu. Akasubiri tafsiri, akacheka tena. Anasema mwenyewe hakucheka hata mara moja.

"Mkalimani haongezi, hapunguzi," ndivyo alivyowafunza wanawe. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa Kizungu, ameniambia: "Ukimtuma baba amwambie mama kwamba chakula ni kitamu, anakwenda jikoni anasema, 'Mtoto anasema chakula ni kitamu.' Yeye mwenyewe kimya."

Wasikilizaji wapendwa, miezi saba iliyopita Anasema alipata kiharusi. Alipopata fahamu, lugha yetu haikuwemo tena kinywani mwake. Daktari alisema hutokea. Mtu ana lugha mbili, ubongo unaokoa moja. Wake uliokoa ile ya mahakamani.

Majirani hawakosi la kusema. Wakanong'ona kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Lakini mzee hakukataa kwao, wasikilizaji. Ulimi ndio uliokataa.

Mkewe ni mshonaji. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, na Kizungu anachokijua ni tarakimu za kwenye tepu yake ya kupimia. Kila asubuhi alisimama kando ya kitanda na bakuli la uji, akimtajia mumewe vitu. Kikombe. Mlango. Dirisha. Alitaka neno moja tu la nyumbani kabla mzee hajaondoka. Mzee alimjibu kwa Kizungu, kwa adabu zote, kama anavyojibiwa mtu asiyefahamika.

"Sikulia," mama huyo aliniambia. "Nilikufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nilimlisha, nikamgeuza, nikafua. Basi."

Ikabidi binti awe mkalimani kati ya baba yake na mama yake.

Jumanne asubuhi mama alikuwa amesimama palepale, bakuli mkononi. Mzee akafumbua macho. Akamtazama mkewe, akasema maneno machache ya Kizungu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema asante kwa yote," binti akajibu.

Mama akamgeukia. "Baba yako hana maneno hayo. Umeongeza. Sema alivyosema."

Binti akatii. "Anasema, shahidi anaweza kuketi."

Mama akaweka bakuli chini. Akaondoa nguo zilizokunjwa juu ya kiti, akakisogeza, akaketi. Ndipo akamwambia binti yake, "Miezi saba nasimama hapa. Hakuna aliyeniambia nikae." Mzee alifumba macho, na kabla uji haujapoa alikuwa ameshakwenda.

Wasikilizaji wapendwa, mahakama ile imefunguliwa leo kama kawaida. Kuna mkalimani mpya. Lugha mezani ni ileile.

Mama, na wewe mwalimu, sisi hapa studioni tunashika tama pamoja nanyi. Mungu awape subira, na mzee wetu apumzike. Nawe unayetusikiliza, mtazame uliye naye nyumbani, ujiulize: ubongo wako ukilazimika kuokoa lugha moja, yeye ataielewa?

Nilimuuliza mjane kama ana neno kwenu. Siongezi, sipunguzi. Anasema amechoka. Anasema bado ameketi.