Bi Swalha na Mkato wa Sidoni

Miaka kumi na tisa na miezi minne: ndiyo hesabu ya utumishi wa Bi Swalha Abdulsalam katika ofisi yetu ya kukagua na kufungasha mizigo, hapa barabara ya Guangyuan Xilu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba.

Alitoka Unguja kuja huku kwa Wachina kununua viatu, akabaki kuwakagulia wengine. Mtindo wake unajulikana hadi soko la viatu la Zhanxi: huchukua kiatu kimoja katika kila katoni, akakipasua soli kwa kisu chake kidogo aone kama ni ngozi au karatasi. Wenye maduka walinuna, wateja wakalala usingizi. Amewahi kupasua hata kiatu cha meneja, kilichosahauliwa mezani.

Lakini mazoea yana taabu. Mwezi uliopita tulikabidhiwa sarafu tano za fedha zilizokuwa kwenye maonyesho hapa mjini, tuzifungashe zirudi kwa mwenyewe. Ni za Sidoni, mji wa Wafoinike, za enzi walipotawaliwa na Waajemi: upande mmoja merikebu ya vita, upande wa pili mfalme wa Uajemi kwenye gari la farasi. Séphora wa mapokezi alizipiga picha upande wa merikebu tu, kisha Bi Swalha akazikagua peke yake. Ofisa wa maonyesho alipozigeuza, akakuta moja ina mkato mrefu juu ya farasi. Macho yote yakaenda kwenye kisu. Niseme ukweli, na yangu pia. Sherehe hii ya kumuaga ikaahirishwa, na mama wa watu akawa karibu kuondoka na jina la mharibifu.

Hakugomba. Aliomba kioo cha kukuzia, akamwita meneja wetu, Bwana Mulumba: "Laoban," yaani bosi kwa Kichina, "hebu tazama, mkato wenyewe mweusi tii. Ningelikata mimi, si ungeng'aa?" Akatueleza kwamba wafanyabiashara wa kale nao walikata sarafu, waone kama ndani ni fedha tupu au shaba iliyopakwa. Kesho yake mwenye sarafu alituma picha ya zamani, na mkato uko palepale. Tulishusha pumzi. Séphora alilia, Bwana Mulumba akaagiza chai ya ofisi nzima.

Bi Swalha, ahsante kwa miaka yote hiyo. Kwa siku moja na nusu tulikutilia shaka, nawe ukatuletea vitumbua kama kawaida. Tunakuomba radhi mbele ya wageni wote. Maisha mema huko Unguja, mama. Unaondoka na jina lako safi, aibu tumebaki nayo sisi.