Mahona, Aliyehamishia Wodi Nyumbani Kwake

Marehemu ndugu yetu Mahona alizaliwa tarehe 12 Agosti 1961 huko Maswa. Alianza shule ya msingi mwaka 1970 akamaliza la saba 1977, maana alirudia darasa la nne. Siku ya mtihani alikuwa porini anatafuta ng'ombe. Ng'ombe wale niliwapoteza mimi kaka yake, na ndiyo kwanza leo nasema.

Mwaka 1989 alihamia Gwata na mifugo, na 1992 akaajiriwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya serikali.

Tarehe 4 Juni 1994 alifunga ndoa ya bomani, Kisarawe, na Mwamvita, Mzaramo wa Vihingo. Watani walisema binti yao atafundishwa kukamua kabla ya kuonyeshwa chumba.

Julai 2021, wakati wa korona, wodi zilijaa mpaka korido. Mwalimu Efrazia alikuwa kwenye benchi, pumzi inakatika. Oksijeni ipo, kitanda hakuna. Kimoja alikilalia Mzee Jumbe wa Vihingo, aliyekuwa ameshapona na kuruhusiwa siku tatu nyuma.

"Shikamoo mzee. Kitanda kinahitajika," marehemu alimwambia.

"Marahaba. Niende wapi? Watoto wananiogopa, wamesema nisubiri huku huku."

"Basi twende kwangu."

"Kwa Msukuma? Si nitalazwa na ndama."

"Ndama atavumilia."

Efrazia akapata kitanda saa ile ile. Mwezi huo marehemu aliwachukua watu wanne waliopona, wakakataliwa kwao. Mkewe akamwuliza, "Baba Kulwa, hapa ni nyumbani au ni wodi? Huyu mmoja ananiuliza daktari anapita saa ngapi." Watatu walifuatwa na ndugu zao. Mzee Jumbe alikaa wiki kumi na moja, akinenepa na kulalamikia maziwa.

Marehemu alistaafu mwaka huo huo. Tangu mwaka jana alisumbuliwa na moyo, akalazwa pale pale alipofanyia kazi. Kila asubuhi alimwuliza nesi kama kuna mtu kwenye benchi. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa. Mwalimu Efrazia, ambaye yupo hapa nasi, ameomba aandikwe miongoni mwa watoto, na familia imekubali. Mzee Jumbe naye ameomba. Tumemkatalia, maana amemzidi marehemu miaka kumi.

Mungu ampokee Mahona, ampe pumziko lenye amani.