Asubuhi Papa Alipomsalimu Gaspari

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu aliye hai! Semeni amina kwa nguvu, maana Mungu ninayemsema leo nimemwona akifanya kazi, na mpaka sasa mwili unanisisimka!

Wengi mnanijua. Mimi ni Eva, binti ya yule fundi cherehani wa Kabuga. Kwa kuwa leo tuna wageni kutoka Goma na Bujumbura, nitasema Kiswahili cha Papa, baba yangu huyo, kile alichojifunza kwa wachuuzi wa vitenge.

Ndugu zangu, Papa alikuwa mtu wa furaha. Alishona huku anaimba, na akisahau maneno ya wimbo aliweka jina la mteja aliyesimama mbele yake. Sare za shule aliziachia pindo kubwa kwa ndani. Watu wakimwambia anapoteza kitambaa, alicheka: "Mtoto atakua! Au mnadhani Mungu amechoka kukuza watoto?" Jioni aliombea majirani kwa majina, nyumba kwa nyumba, na sisi tulifungua jicho moja kutazama viazi vinavyopoa.

Vita vilipoanza mwaka wa 1990, watu walikuja mchana wakamtoa Papa kwenye cherehani yake. Wakasema anawasaidia Inkotanyi, wale wapiganaji waliovuka mpaka. Uongo mtupu! Alikuwa Mtutsi, basi. Na aliyepeleka jina lake tulimjua: Gaspari, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyetengeneza pombe ya ndizi. Papa akakaa gerezani miezi mingi bila kesi. Mama alishona mpaka macho yakamuuma. Kwa Gaspari hatukukanyaga tena. Tukikutana naye njiani, Mama alitema mate.

Mwaka uliofuata Papa akarudi. Mwembamba, vidole viwili vimepinda. Asubuhi yake ya kwanza aliomba maji, akanawa, akavaa koti, akachukua futi yake ya kupimia.

"Eva, nisindikize kwa Gaspari."

Mama akasimama mlangoni. "Una wazimu? Mtu aliyekuuza!"

"Mama Eva," Papa akasema, "kule ndani nilimchukia mpaka nikashindwa kusali. Nilimwomba Mungu asinitoe nikiwa na chuki ile. Amenisikia. Nipishe."

Gaspari alipotuona alirudi nyuma mpaka akagonga mtungi. Nadhani alitafuta panga mkononi mwa Papa.

"Umeamkaje, Gaspari?" Papa akamnyooshea mkono. "Nasikia binti yako anaanza shule. Mwite nimpime."

Ndugu zangu, Gaspari akamwita binti yake, macho yake chini! Papa akapiga magoti, akampima mtoto mabega na kiuno, akamtania kuhusu meno yake yaliyong'oka. Juma lile sare ilikuwa tayari, pindo kubwa kama kawaida. Mimi nilirudi nyumbani na hasira. Niliona Papa ametudhalilisha.

Halafu ikaja Aprili 1994, Watutsi wakaanza kuwindwa. Wapendwa, sitasema yote. Papa alitusukuma shambani, Mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado mgongoni, yeye akabaki barabarani kuwachelewesha wauaji. Hapo ndipo alipofia. Hatukumwona tena akiwa hai.

Tulijificha kwenye migomba, mvua inatupiga, na mtoto ana kifaduro, anakohoa bila kupumzika. Majani yakafunguka. Gaspari! Nikasema, Bwana, pokea roho zetu.

Akainama. "Mama Eva, simama. Njoo kwangu upesi."

Mama hakusogea. Gaspari akavua koti lake, akamfunika mtoto, akaanza kulia. Tukamfuata, maana hatukuwa na pengine.

Alitushusha katika shimo lake la kuivishia ndizi, akapanga fito juu, akaweka majani na udongo. Joto, giza, harufu ya ndizi mbivu. Wauaji wakaja kunywa. Tulisikia miguu yao juu ya vichwa vyetu.

"Gaspari, mke wa fundi yuko wapi? Si wewe uliyekuwa wa kwanza kumtaja mumewe, yule nyoka? Na humu shimoni mna nini?"

"Hapo kuna ndizi tu. Fukueni mkitaka, zikiharibika msiniulize pombe."

Wakacheka. Na mtoto, ndugu zangu, mtoto aliyekohoa tangu alfajiri, hakukohoa! Nilimshika kifua, nikahisi kimetulia kabisa. Mikono ya nani ilimshika? Niambieni ninyi! Walipoondoka tu, akakohoa.

Majuma yalipita hivyo, mpaka Inkotanyi walipofika Kabuga, tukatoka juani kama watu wanaozaliwa. Nikamwuliza Gaspari kwa nini. Akashindwa kunitazama.

"Siku ile baba yako alipokuja na futi, nilingoja anilaani. Hakunilaani. Tangu hapo sikuweza kula nikashiba. Nilikimbia barabarani kumtafuta, Eva. Nilimkuta amekwisha." Akapiga magoti mbele ya Mama. "Mimi ndiye niliyefungua njia. Sijui kama Mungu ananitaka."

Mama, aliyekuwa akitema mate akimwona, akamsogelea. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha yule mtu na kumwombea kwa jina. Mama yangu! Nilianguka kifudifudi. Kanisa limejengwa wapi zaidi ya pale?

Asante, Yesu, kwa baba uliyenipa. Asante kwa pumzi ya mtoto yule, ambaye ameketi hapo mbele anajifuta machozi! Na wewe uliyekuja leo na jiwe kifuani, sikulaumu, najua lina uzito gani. Mungu aliyemfikia Papa gerezani na Gaspari katika uovu wake anajua ulipo. Mwamini. Njoo hapa mbele, tuombe pamoja. Mama naye yupo, anakungoja.