Xiang Boyuan na Nguzo ya Thelathini na Moja

Marehemu baba yetu, Xiang Boyuan, alizaliwa tarehe 6 Machi 1951 kijijini Shatang, pwani ya Wenzhou, kwenye tope ambalo nyumba yao ililizamia kidogo kila mwaka. Shule ilimkatikia mwaka 1966, zilipofungwa nchini kote. Aliirudia mwaka 1973, kwenye chuo cha ufundi Hangzhou.

Tangu 1976 alipima nguzo za msingi wa madaraja: nguzo hupandishiwa matofali makubwa ya zege, kisha kila nusu saa mtu husoma kipimo kuona imezama kiasi gani. Siku ya harusi yake na Chi Meizhu, tarehe 1 Oktoba 1979, aliiacha karamu mara tatu akasome kipimo. Mama akamuuliza, "Umenioa mimi au hiyo nguzo?" Baba akajibu, "Wewe huzami."

Mwaka 2003 ilijengwa barabara ya juu kuvuka tope letu. Meneja wa ujenzi, Bwana Pan, alimwelekeza baba apime nguzo ya kumi na mbili. Mchezo ule baba aliujua: nguzo itakayopimwa huteuliwa mapema, ikachimbiwa vizuri, nyingine zikajengwa ovyo tu. Akapima ya thelathini na moja. Ilizama sentimita tisa.

"Mzee Xiang, andika milimita," Pan alimwambia. "Nani atafukua tope aangalie?"

"Nimeshaangalia mimi."

Alipeleka karatasi kwa wakaguzi wa jimbo. Nguzo arobaini zikachimbwa upya. Baba akahamishiwa ghala la saruji miaka minane, na Pan akavishwa nishani ya daraja imara. Kinyaa gani hiki!

Vumbi la ghala lile lilimharibia mapafu. Aliugua miaka mitano, akafariki tarehe 19 Novemba 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Jana Pan alileta shada la maua, na ombi kwamba wasifu huu useme marehemu "alijiombea mwenyewe kazi nyepesi." Shada liko nje ya geti, na ombi lake nimewasomea.

Ameacha mjane, Meizhu, mwana, Kefei, binti, Ruolan, ninayewasomea, na mjukuu mmoja, ambaye kila siku hupita juu ya nguzo ya thelathini na moja kwenda shule.

Kaburi tumelichonga mlimani, kwenye mwamba. Baba, pumzika, hapa nimepima mwenyewe.